Mgeni asiyelala gesti

Utafiti wa wageni wanaoondoka nchini, ule unaoendeshwa kwa pamoja na wizara ya utalii, Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Uhamiaji, huwahoji wasafiri kwenye viwanja vikubwa vya ndege na kwenye mipaka michache ya nchi kavu. Pamoja na Namanga na Tunduma, jina jingine ambalo limekuwa kwenye orodha hiyo ni Manyovu, wilayani Buhigwe mkoani Kigoma, mpakani na Burundi. Msomaji wa Dar es Salaam atajiuliza ni mtalii gani apitaye huko, maana Gombe na Mahale hufikiwa kwa boti kutoka Kigoma mjini. Mtalii mwenyewe ni mama mwenye mtoto mgongoni na furushi kichwani, anarudi Makamba, Burundi, baada ya kukaa wiki kwa dada yake. Kwa kanuni za takwimu, aliyevuka mpaka na kulala hata usiku mmoja kwa ndugu anahesabiwa sawa na Mjerumani aliyekwenda Serengeti. Ndiyo maana Burundi, nchi ambayo hakuna wakala wa safari anayeipelekea matangazo, imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuleta wageni Tanzania.

Undugu umeutangulia mpaka. Hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, Buha (nchi ya Waha wa Kigoma) na Burundi zote zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakaligawana koloni hilo, na shangazi akajikuta nchi nyingine. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba kila mtu husema lugha yake na wakaelewana. Mawimbi ya wakimbizi ya 1972, 1993 na 2015 yaliongeza wakwe, wasimamizi wa ubatizo na wadeni.

Sasa, fedha ya safari hizi inaishia wapi? Haiendi kwenye vitanda. Gesti za Manyovu na Kasulu zinaishi kwa madereva wa malori, watumishi walio kikazi na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu. Mgeni wa kusalimia hulala kwa mwenyeji. Kumpeleka gesti ni kumtukana. Kipato kiko barabarani: kwa mwenye gari la Probox, kwa bodaboda anayemfikisha mtu kijijini Kilelema au Muyama, na kwa mama lishe wa pale gari linaposimama.

Kwa hiyo barabara ndiyo iliyoibadili biashara hii kuliko mpango wowote wa utalii. Kutoka Kigoma, lami ilifika Manyovu zamani kidogo. Upande wa Kasulu na Kibondo ulisubiri hadi Novemba 2018, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha fedha za barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita zipatazo 260, pamoja na kipande cha Rumonge–Gitaza upande wa Burundi. Msimu mkubwa wa kutembeleana ni Desemba, na Desemba ni mvua. Shule za Burundi hufuata mwaka unaoanza Septemba, kwa hiyo likizo ndefu ya watoto wao haiendi sambamba na ya kwetu; Krismasi ndiyo inayowakutanisha binamu. Zamani utelezi wa udongo mwekundu ulikuwa unawazuia wengi wakati uleule walipotaka kusafiri.

Baada ya nauli kuna zawadi. Hapa maduka ya Mnanila, upande wa Tanzania, na soko lake yanapata chao, kwa sababu hakuna anayekwenda ukweni mikono mitupu, na kwa miaka ya karibuni ng'ambo kumekuwa na uhaba wa sukari na, zaidi, wa mafuta ya gari. Dereva makini anajaza tangi upande huu, anahakikisha ana kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima, kisha anakumbuka kwamba akishavuka anahamia kulia.

Faranga ya Burundi ni somo peke yake. Mei 2023 benki kuu ya Burundi iliishusha thamani kwa mkupuo, lakini bei ya mtaani ya dola ikaendelea kuwa juu sana kuliko ya benki. Kwa Mtanzania mwenye shilingi, wiki moja Makamba imekuwa nafuu. Kwa Mrundi, kuja Kasulu kumekuwa ghali, na mizani ya nani amtembelee nani imeegemea upande mmoja. Mwezi mmoja baada ya faranga kushushwa, Juni 2023, noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zilifutwa kwa notisi ya siku 10. Aliyekuwa ameweka chenji sandukuni akingoja Krismasi alibaki na karatasi.

Kinachonikera ni gharama ya nyaraka. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania na Burundi hazikujiunga, ingawa zote zilianza Soko la Pamoja la Afrika Mashariki mwaka 2010. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Baba, mama na watoto watatu ni 750,000 kabla hujalipa nauli. Ipo hati ya dharura ya safari iliyo nafuu, lakini nayo inataka safari ya kwenda ofisi ya Uhamiaji. Mkulima wa tangawizi anapiga hesabu, anaona ukweni ni mwendo wa mguu, anapita njia ya panya. Hapo serikali inakosa muhuri na takwimu, na yeye anarudi na hofu ya kuulizwa uraia kwenye kizuizi, kero ambayo wabunge wa Kigoma wameifikisha bungeni zaidi ya mara moja. Kituo cha pamoja cha forodha kilichopangwa Manyovu na Mugina, upande wa Burundi, kitapunguza foleni. Bei ya pasipoti haitaguswa.

Tena usidhani kila mgeni anakula tu. Ule usemi wa siku ya tatu mpe jembe hapa unatekelezwa neno kwa neno: wapo Warundi wanaokuja kusalimia wakabaki kupalilia mahindi na maharage kwa ujira, na mashamba mengi ya Buhigwe na Kasulu yangechelewa bila wao. Kisheria mgeni huyo ameshakuwa kibarua bila kibali, na mwenyeji wake mwajiri.

Buhigwe ni wilaya tangu 2012, ilipomegwa kutoka Kasulu, na iliwakilishwa bungeni na Dk. Philip Mpango kabla hajawa Makamu wa Rais mwaka 2021. Haijakosa wa kuisemea. Mwekezaji anayeniuliza ajenge nini Manyovu ningemwambia aanze na stendi yenye paa, vyoo safi, ghala dogo la kuhifadhia mizigo na duka la jumla linalofunguliwa alfajiri. Hoteli ya ghorofa itajaza vyumba vyake siku waziri akija kukagua mpaka.