Dawa za Kansa na Mitishamba: Usichanganye kwa Siri

Mtu akiugua kansa ya mapafu, jamaa zake wanahangaika. Hospitalini anatundikiwa dripu za dawa kali. Akirudi nyumbani, huyu analeta mizizi, yule analeta majani ya kuchemsha. Wote wanamtakia mema. Je, ni salama kutumia vyote pamoja?

Kwanza tujue kwamba baadhi ya dawa hizo za hospitali zimetokana na mimea. Liko ua dogo la asili ya Madagaska, la waridi au jeupe, ambalo watu wengi hulipanda uani. Kutokana na mmea huo hutengenezwa vinorelbini, dawa ya kansa ya mapafu. Dawa nyingine, paklitakseli, ilipatikana katika gome la mti lililochukuliwa Marekani mwaka 1962. Kwa hiyo mitishamba si upuuzi. Lakini usiende kuchuma ua lile ukalichemsha! Ni sumu. Wataalamu walifanya kazi miaka mingi kuitenga dawa na kujua kipimo chake.

Sasa hatari iko wapi? Iko kwenye ini. Ini ndilo linalovunjavunja dawa nyingi mwilini. Mitishamba mingine hulifanya ini lifanye kazi haraka mno. Dawa ya hospitali inatolewa kabla haijapigana na kansa. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walipima jambo hili. Wagonjwa walipewa dawa ya kansa, irinotekani, pamoja na mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano. Nguvu ya dawa ndani ya damu ilipungua kwa asilimia 42.

Mitishamba mingine hulichelewesha ini. Hapo dawa inajaa mwilini na kuwa sumu.

Tena, dawa za kansa hupunguza askari wa mwili walio kwenye damu. Mgonjwa akinywa mizizi iliyolowekwa katika maji machafu, anaweza kupata ugonjwa mwingine upesi.

Basi tufanyeje?

Mweleze daktari kila unachokunywa. Mpelekee na majani yenyewe ayaone. Usione haya, wala usiogope kukaripiwa. Akikwambia acha, acha. Usikatishe dawa za hospitali kwa ajili ya mizizi, maana kansa haingoji. Na ukipata homa, nenda hospitali siku ile ile.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.