Je, Wajua? Sufi ya Kioo na Joto la Mabati

Je, wajua kwamba ndani ya robota la sufi ya kioo, kinachozuia joto si kioo bali ni hewa? Kioo kizima, kama cha dirishani, hupitisha joto kwa kiwango cha karibu 1.0, kikipimwa kwa wati kwa mita kwa kelvini. Hewa iliyotulia hupitisha 0.026 hivi. Sufi ya kioo yenyewe iko kati ya 0.030 na 0.045, jirani kabisa na hewa. Kazi ya nyuzi ni kuibana hewa isizunguke, basi. Likumbuke hilo unaposoma, maana karibu kila kosa linalofanyika juu ya dari zetu ni kosa la kuifukuza hewa hiyo, kuilowesha au kuiachia njia.

Je, wajua inavyotengenezwa? Mchanga, magadi soda, chokaa na boraksi, pamoja na vioo chakavu, huyeyushwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Uji huo wa moto hutiwa katika gurudumu linalozunguka kwa kasi, lenye maelfu ya vitobo ubavuni, nao hutoka ukiwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hunyunyiziwa gundi, hupitishwa kwenye oveni gundi ikauke, kisha hukatwa na kukunjwa. Viwanda vingine hutumia vioo chakavu hadi asilimia 80 ya malighafi. Chupa iliyovunjika inaweza kuishia juu ya chumba cha kulala.

Je, wajua kwamba volkano nazo hutengeneza nyuzi za kioo? Lava inaporushwa na upepo kuivuta, hugeuka nyuzi za rangi ya dhahabu iliyofifia. Huko Hawaii huitwa nywele za Pele, kwa jina la mungu wa kike wa moto. Si Hawaii peke yake: nyuzi hizo zimewahi kuanguka katika vijiji vilivyo karibu na Nyiragongo na Nyamulagira, mashariki mwa Kongo.

Je, wajua kwamba mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Edward Libbey alionyesha gauni lililofumwa kwa nyuzi za kioo na hariri? Lilivaliwa na mwigizaji Georgia Cayvan. Lilipendeza, lakini halikuwa nguo ya kukunja wala ya kukalia.

Sufi ya kioo tunayoijua leo ilianzia jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1932, Dale Kleist wa kampuni ya Owens-Illinois alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kupuliza kioo kilichoyeyuka. Shinikizo la hewa likakichana kile kioo kikawa nyuzi. Mkuu wake, Games Slayter, aliona palepale kwamba hapo pana biashara. Mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning. Rangi ya waridi iliyoifanya sufi yao ijulikane duniani iliongezwa mwaka 1956, na mwaka 1985 mahakama ya Marekani iliitambua rangi hiyo kuwa alama ya biashara. Rangi haina uhusiano wowote na ubora. Usikubali muuzaji akuambie ya njano ni bora kuliko nyeupe.

Sasa tupande darini.

Je, wajua joto linaloshuka kutoka kwenye mabati saa saba mchana ni kiasi gani? Chukua chumba cha mita nne kwa nne, chenye dari ya jipsamu. Bati limefika nyuzi 60, jambo la kawaida jua likiwa utosini na bati likiwa la rangi iliyokolea. Chumba kina nyuzi 30. Dari hiyo, pamoja na hewa inayoigusa juu na chini, ina ukinzani wa joto wa 0.3 hivi. Piga hesabu: joto linaloingia linakaribia wati 1,600. Ni kama pasi ya umeme iliyowashwa juu ya kichwa chako mchana kutwa. Tandaza sufi ya kioo ya milimita 100 yenye kiwango cha 0.040, na ukinzani unapanda hadi 2.8. Joto linaloingia linashuka hadi wati 170.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kiyoyozi kitapumzika au kitanguruma hadi usiku. Na kwa asiye na kiyoyozi, ndiyo inayoamua kama mtoto atalala mchana au atalia.

Je, wajua hesabu hiyo inavyoharibika kwa uzembe mdogo? Katika chumba hichohicho cha mita za mraba 16, acha wazi mita za mraba 0.8 tu, yaani asilimia tano: kipande pembeni mwa ukuta, kingine kuzunguka kishimo cha kupandia darini, kingine mahali fundi umeme alipoisogeza sufi akasahau kuirudisha. Joto linaloingia linapanda kutoka wati 170 hadi karibu 240. Asilimia tano ya eneo imeongeza joto linaloingia kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na kazi iliyokamilika. Ndiyo maana naamini sufi ya bei ya wastani iliyotandazwa bila mwanya inaishinda ya bei kubwa iliyotupiwa juu ovyo. Mkague fundi wako pembeni. Katikati kila mtu hutandaza vizuri.

Je, wajua kwamba kuibana sufi ni kutupa pesa? Robota la milimita 100 lenye ukinzani wa 2.5, likigandamizwa kwenye nafasi ya milimita 50, linabaki na ukinzani wa 1.4 hivi. Umelipia unene usioutumia. Kama nafasi kati ya mapapi na bati ni ndogo, nunua nyembamba yenye msongamano mkubwa, au itandaze juu ya dari kwenye nafasi ya kutosha. Mafundi wengi huitandika juu ya mapapi kisha hupigilia bati juu yake. Inashika vizuri, lakini kila inapopita papi inabanwa hadi inakaribia kuwa karatasi, na joto linapita hapohapo.

Je, wajua kwamba uzito si ubora? Sufi ya kilo 12 kwa mita ya ujazo ina kiwango cha 0.044 hivi, ya kilo 24 hushuka hadi 0.036 hivi, ya kilo 48 hukaribia 0.033. Faida inapungua kadiri unavyoongeza uzito, na ukizidisha mno nyuzi zenyewe huanza kupitisha joto. Kwa dari ya nyumba, kilo 12 hadi 24 zinatosha, na fedha iliyobaki ni heri uiongezee unene. Zile nzito za kilo 48 ni za kazi nyingine: mifereji ya viyoyozi, mbao za ukutani, mahali panapohitaji kitu kinachosimama chenyewe.

Na unene nao una mpaka wake. Kutoka milimita 50 hadi 100 unapunguza joto kwa karibu nusu. Kutoka 100 hadi 200 unapunguza nusu tena, lakini nusu ya kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo.

Je, wajua kwamba lebo mbili zenye namba moja zinaweza kuwa za bidhaa mbili tofauti? Hili wauzaji wachache hulieleza. Viwanda vya Ulaya hupima upitishaji wa joto sufi ikiwa kwenye wastani wa nyuzi 10. Vipimo vya Kimarekani, ambavyo pia hutumika sana Ghuba, hufanywa kwenye nyuzi 24. Sufi hupitisha joto zaidi kadiri inavyopata moto, kwa hiyo namba ya Ulaya huonekana nzuri kidogo kuliko itakavyokuwa chini ya bati la Dodoma au Garissa. Tafuta kwenye lebo halijoto ya kipimo kabla ya kulinganisha. Angalia pia kama ukinzani umeandikwa kwa vipimo vya Kimarekani: R-13 yao si 13 yetu. Gawanya kwa 5.68 upate 2.3.

Je, wajua kwamba karatasi ya alumini iliyobandikwa kwenye sufi haifanyi lolote la kuakisi ikiwa imegusana na kitu kingine? Alumini inayong'aa hutoa mnururisho mdogo sana wa joto, lakini lazima mbele yake pawe na nafasi ya hewa, angalau milimita 20 hivi. Ukiibandika moja kwa moja juu ya ubao wa dari umeipoteza kazi hiyo. Ielekeze chini, kwenye nafasi iliyo wazi juu ya dari. Ukiielekeza juu, vumbi litaifunika na mng'ao utakwisha.

Kazi ya pili ya karatasi hiyo ni kuzuia mvuke, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibika kimyakimya. Sufi iliyolowa si kihami tena. Maji yamechukua mahali pa hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Kanuni ni moja: kizuizi cha mvuke kikae upande wenye hewa ya joto na unyevu. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kinachopozwa mchana na usiku, hewa hiyo iko nje. Katika nyumba ya Njombe au Limuru, usiku wa baridi, iko ndani, pale mnapopika na kupumua, nayo hupanda ikagonga bati lililopoa na kugeuka matone. Fundi aliyezoea ukanda mmoja akihamia mwingine bila kubadili upande, dari itaota ukungu. Na maungio yafungwe kwa utepe wa alumini. Karatasi nzuri yenye maungio wazi ni sawa na kutokuwa nayo.

Bati linalovuja je? Ziba kwanza. Hakuna sufi inayotibu paa bovu.

Je, wajua kwamba sufi ya kioo haiungui, lakini kilichobandikwa juu yake kinaweza kuungua? Sufi tupu huingia katika madaraja ya juu kabisa ya Ulaya ya usalama wa moto, A1 au A2. Karatasi ya kaki iliyopakwa lami inashika moto haraka, hivyo isiachwe wazi. Pia nyuzi za kioo hulainika kabla ya nyuzi 700. Kwa ukuta wa kuzuia moto au kuzunguka bomba la moshi, chagua sufi ya mwamba, inayostahimili zaidi ya nyuzi 1,000.

Je, wajua hatari ya umeme iliyofichwa humo? Waya wa milimita za mraba 2.5 ulioshikizwa ukutani kwenye hewa wazi hubeba ampea 27 kwa kanuni za Uingereza, ambazo ndizo msingi wa kanuni nyingi Afrika Mashariki. Uzike waya huohuo ndani ya sufi kwa nusu mita au zaidi, na uwezo wake unashuka hadi ampea 13.5. Sufi inazuia joto la waya lisitoke, kama ilivyoumbwa kufanya. Waya za hita ya maji na za jiko zipite juu ya sufi, si katikati yake. Taa za kuzama darini ziachiwe nafasi au ziwekewe kofia yake.

Je, wajua kwamba sufi haizuii muziki wa jirani? Inameza mwangwi, haisimamishi sauti. Ukibandika sufi kwenye ukuta mmoja, ngoma ya jirani itaendelea. Ukiijaza katikati ya kuta mbili za jipsamu zisizogusana, hapo ndipo utasikia tofauti. Juu ya dari hupunguza pia kishindo cha mvua ya masika kwenye bati, na wanaofundisha katika madarasa ya mabati wanajua hiyo ina thamani gani.

Mchwa hawaili. Panya hawaili pia, ila watachimba humo na kuzaa wakipata mlango. Ziba mianya ya ukingo wa paa.

Je, wajua kwamba Kuwait iliweka kanuni ya kubana matumizi ya nishati katika majengo tangu mwaka 1983, na Dubai ikalazimisha kihami joto kwa amri ya mwaka 2003? Huko wamepima gharama ya kiyoyozi kwa uchungu. Sisi tunajenga chini ya jua lilelile, na michoro mingi inapita bila mstari hata mmoja kuhusu dari.

Na je, hii ni asbesto? La. Asbesto ni madini yanayopasuka kwa urefu na kutoa nyuzi nyembamba zaidi na zaidi, zinazokaa mapafuni. Nyuzi za kioo hukatika kwa upana, na mwili una uwezo wa kuziyeyusha. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiondoa sufi ya kioo ya majengo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani na kuiweka kundi la 3, lisilo na ushahidi wa kutosha. Kuwasha, hata hivyo, kunabaki palepale: vipande vya nyuzi huchoma ngozi, macho na koo, na anayeumia ni kijana aliyetumwa darini akiwa na fulana mkono mkato. Kwenye bei ya sufi, weka glavu, miwani, barakoa na shati la mikono mirefu. Akishuka, aoshe ngozi kwa maji ya baridi bila kujikuna, na nguo zake zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.