Mwanga Sawa, Amana Sawa

Kina mama na mabinti wengi wa pwani yetu hujipatia riziki kwa kuchora khati, majahazi na milango ya nakshi, kisha huuza kwa njia ya simu. Mnunuzi aliyeko Nairobi au Maskati haioni kazi yenyewe. Huiona picha yake tu. Picha ikiwa ina upande unaong'aa na upande uliofifia, dhahabu ya herufi hugeuka kahawia, na buluu ya bahari hudhaniwa nyeusi. Hapo ndipo malalamiko huzuka.

Chanzo ni tabia ya mwanga. Umbali kutoka kwenye taa ndogo ukiongezeka mara 2, nuru inayofika hubaki robo. Basi taa ikiwa ubavuni, mita 1 kutoka ukingo wa karibu wa mchoro na mita 2 kutoka ukingo wa mbali, ukingo wa mbali hupata robo tu, au chini ya hapo. Jicho huizoea tofauti hiyo, kamera huidhihirisha.

Dawa ya kwanza ni kabla ya kupiga. Tuuweke mchoro kivulini, barazani, mahali palipo wazi kwa anga bila jua kali. Tukiwa ndani, dirisha liwe upande mmoja, na upande wa pili tutundike shuka nyeupe irudishe mwanga. Wenye taa watumie 2 zinazofanana, moja kila upande, zielekezwe kwa pembe ya nyuzi 45 na ziwekwe mbali kidogo. Tusichanganye taa na dirisha, kwani rangi za nuru zao hutofautiana. Kisha tusimamishe kalamu katikati ya mchoro: vivuli vyake viwili vikilingana kwa weusi, mwanga umesawazika. Mchoro wenye kioo ni bora uvuliwe kioo chake kwanza.

Dawa ya pili ni baada ya kupiga. Bila kuisogeza kamera wala taa, wala kubadili mipangilio, tuweke karatasi nyeupe ya manila mahali pa mchoro, tuipige picha. Karatasi hiyo ni nyeupe kote. Kila weusi unaoonekana juu yake ni upungufu wa mwanga. Programu za kuhariri picha zenye uwezo huo huigawanya picha ya mchoro kwa picha ya karatasi, na doa la kivuli likaondoka. Asiye na programu hiyo aung'arishe upande uliofifia kidogo kidogo, akilinganisha na mchoro wenyewe mkononi. Ila palipoungua kwa mng'ao hapatengenezeki. Hapo hapana budi kupiga upya.

Tutambue mpaka wake. Kusawazisha mwanga ni kuirejesha picha kwenye ukweli. Kuzidisha dhahabu isiyokuwamo au kufuta ufa wa rangi ni ghushi. Mtume wetu (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Picha tunayoituma ndiyo rundo letu. Yenye dosari tuionyeshe dosari yake, tuitaje na bei yake. Mnunuzi akifungua kifurushi akakuta kile kile alichokiona, atarudi, na riziki itakuwa na baraka, inshallah.