Siku Tano Lisbon: Mtaalamu wa Bahari na Sala ya Ijumaa

Kijana anapopata safari ya Ulaya, wazazi wengi huingiwa na hofu: atakula nini, atasali wapi, je, atarudi na dini yake? Jibu moja tulilipata kwa ndugu yetu kutoka Mombasa, mtaalamu wa sayansi ya bahari, aliyezungumza na vijana wa msikiti wetu baada ya sala ya Magharibi.

Ndugu huyu alihudhuria Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Bahari, uliofanyika Lisbon tarehe 27 Juni hadi 1 Julai 2022, Ureno na Kenya zikiwa wenyeji wa pamoja. Alifika Jumapili akaondoka Jumamosi. Ukumbi ulikuwa kando ya mto Tagus, na alipotoka nje aliliona daraja refu lenye jina la Vasco da Gama. Moyo ulimuuma. Baharia huyo aling'oa nanga Lisbon mwaka 1497, akafika Mombasa na Malindi mwaka uliofuata. Na mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida, yaliyotoka mji huohuo, yaliipora Kilwa na kuichoma Mombasa.

Hata hivyo alijiambia kuwa mji hauhukumiwi kwa jina la daraja. Mwishoni mwa Juni jua la Lisbon huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo vikao vilipokwisha alipata muda wa kutembea kabla ya Magharibi. Alipanda vichochoro vya Alfama, mtaa ambao jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi ya maji moto. Waislamu waliutawala mji huo kwa takriban karne nne, hadi ulipotekwa mwaka 1147. Chini ya kilima cha ngome aliiona Mouraria, mtaa waliotengewa Waislamu waliobaki baada ya kushindwa.

Kuhusu chakula, alikula samaki wa kuchoma na mafuta ya zeituni, ambayo Wareno huyaita azeite, neno walilolichukua kwa Waarabu. Naye alikaa kwenye meza, neno ambalo sisi tulilichukua kwao, pamoja na bendera na leso.

Mtihani ulikuja siku ya Ijumaa. Kikundi chao kilipanga kujadili mikoko mchana, naye alikuwa miongoni mwa wasemaji. Wenzake wakamwambia: "Wewe ni msafiri, Ijumaa haikulazimu." Maneno hayo yalimvutia, kwani alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa miezi. Lakini alikumbuka aliyofundishwa chuoni na maalimu wake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukatikiwa na hukumu ya msafiri: husali sala kamili, na Ijumaa humlazimu. Yeye alikuwa amenuia tano.

Akamwendea mwenyekiti, akamweleza waziwazi, akaomba atangulie kusema. Mwenyekiti akakubali bila ya maneno mengi. Akasema yake, akapanda treni ya chini ya ardhi kutoka kituo cha Oriente hadi São Sebastião, kisha akaenda kwa miguu hadi Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985.

Safuni alikaa karibu na mzee mwenye asili ya Msumbiji, kwani watu wa Msumbiji ni miongoni mwa walioiasisi jumuiya ya Waislamu wa mji huo. Baada ya sala mzee akamuuliza atokako. Aliposikia Mombasa, alimshika mkono akasema: "Basi sisi ni majirani." Ndugu yetu alitueleza kwamba hapo ndipo uchungu wa lile daraja ulipopungua.

Kijana mmoja akamuuliza: je, mwenyekiti angekataa? Akajibu: "Ningeiacha hotuba. Lakini ningejuaje bila kuuliza?"

Wazazi wenzangu, tunapomfungia kijana mizigo ya safari, tusisahau kumkalisha kwa maalimu ajifunze fikihi ya msafiri. Hofu yetu peke yake haitamfikisha msikitini.

Wabillahi tawfiiq.