Stima ikipotea, jumbe za malipo huenda wapi?

Mfanyabiashara wa Donholm, Nairobi, anayepokea taarifa za M-Pesa kwenye seva yake atafaidika na programu ya kupanga jumbe foleni, mathalan RabbitMQ, iliyozinduliwa mwaka wa 2007. Ni sharti Erlang, lugha iliyotumiwa kuiunda, iwekwe kwanza.

Hatari huzuka stima inapopotea. Foleni isipotangazwa kuwa ya kudumu, na kila ujumbe usipoagizwa uhifadhiwe diskini, taarifa zinaweza kutoweka. Mteja kalipa, duka halina habari.

Programu ikionekana hai ilhali haipokei jumbe mpya, usikimbilie kuizima na kuiwasha, dawa ya mafundi wengi. Chunguza diski: kwa mpangilio wake wa awali, nafasi ikishuka chini ya megabaiti 50, programu huwazuia watumaji kimakusudi hadi nafasi ipatikane.