Modeli za Lugha Zarahisisha Usomaji wa Programu za Mashine
Programu ya kompyuta inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine, maelezo ya mtunzi na majina aliyovipa vipengele vyake kwa kawaida hupotea. Ghidra, zana iliyotolewa bure mwaka 2019 na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, hurejesha msimbo unaofanana na lugha ya C, ingawa husomeka kwa taabu. Modeli za lugha, ikiwemo LLM4Decompile ya mwaka 2024, hutoa msimbo unaosomeka kwa urahisi zaidi, jambo lenye manufaa kwa wachunguzi wa virusi vya kompyuta. Hatari ipo hapo hapo: modeli hukisia, na msimbo wenye sura nzuri unaweza kutenda tofauti na programu halisi. Hivyo msimbo huo hugeuzwa tena kuwa lugha ya mashine na kujaribiwa kabla ya kuaminiwa.