Likizo ya Anga za Juu: Furahisha Watoto Bila Kumaliza Hela

Likizo ya Desemba ni ndefu. Wiki ya kwanza katuni zinatosha, ya pili bando zinaisha kabla ya saa sita, na swali la "sasa tufanye nini?" halikomi. Mzazi, tuna wazo: mwaka huu wapeleke watoto angani, hapo hapo nyumbani.

Na usidhani anga ni mambo ya Wazungu tu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Mwaka wa 2023 Kenya nayo ikapata setilaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa kutoka California. Waanzie hapo, kisha waweke kazini.

Dunia na Mwezi
Mpira wa kandanda ndio Dunia, chungwa dogo ndilo Mwezi. Waulize: Mwezi ukae mbali kiasi gani? Wengi watauweka karibu na mpira. Sasa piga hatua kubwa saba, kama mita 6 na nusu. Hapo ndipo mahali pake! Jua kwa kipimo hicho lingekuwa zaidi ya kilomita 2 na nusu kutoka hapo.

Roketi ya puto
Pitisha uzi ndani ya mrija wa soda, ufunge kutoka mti hadi dirishani. Pulizia puto, lishike mdomo, libandike kwenye mrija kwa seloteipu, halafu liachilie. Hewa inatoka nyuma, puto linakimbia mbele. Roketi kubwa hutumia kanuni hiyo hiyo.

Mashimo ya Mwezi
Jaza karai mchanga mkavu na unyunyize jivu baridi juu. Watoto wadondoshe mawe kutoka usawa wa goti, kiuno, kisha bega. Shimo lipi ni kubwa? Ndivyo vimondo vilivyochimba Mwezi.

Daftari la Mwezi
Kila jioni wachore Mwezi walivyouona. Duru nzima huchukua siku 29 na nusu hivi, kwa hivyo kazi ipo ya mwezi mzima. Onyo moja: wasitazame Jua moja kwa moja, hata wakivaa miwani ya jua.

Tuzungumze hela
Puto, uzi na seloteipu havihitaji mkopo. Ukiweka Sh20 kila siku kwenye akiba ya simu kwa siku 30, una Sh600 za vifaa na vitafunio. Zitenge kando na hela za karo, maana Januari nayo haina huruma.

Kama unataka kuwapeleka kambi ya sayansi, chunga. Msimu huu mabango ya kambi hujaa kwenye vikundi vya WhatsApp, na mengine ni ya matapeli. Kabla ya kutuma amana:

- Fika mahali penyewe, au piga nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile ya kwenye bango.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Bango linasema shule lakini jina ni la mtu usiyemjua? Simama hapo.
- Ukiambiwa "nafasi mbili tu zimebaki, tuma sasa hivi," hiyo haraka ndiyo mtego.
- Hifadhi ujumbe wa malipo mpaka mtoto arudi nyumbani.

Ukishatuma na ukashuku, piga huduma kwa wateja papo hapo. Pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Mwisho, simu itapita mikononi mwa watoto wakitafuta picha za sayari. Wanajua PIN yako? Ibadilishe leo, kabla roketi ya kwanza haijaruka.